Sauti Yako Inatufikia

Kikao saa tatu kamili, ndivyo ujumbe ulivyosema.
Saa mbili na nusu nilikwisha futa vumbi la Nkuhungu
kwenye kioo cha kompyuta, kwa pindo la kanga,
nikageuza meza ili nyuma yangu uonekane ukuta mtupu,
si kamba ya nguo, si ndoo, si kitanda
ambacho mwanangu hajakitandika tangu Jumapili.
Luku nilinunua jana.
Mgeni wa kwenye kioo naye ni mgeni.

Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari.
Wenzangu waliingia mmoja mmoja:
Ndahani wa Manyoni, uso gizani
kwa kuwa dirisha liko nyuma yake, kila wiki liko nyuma yake;
Chilongani wa Kongwa, tunayemjua kwa paji la uso tu;
Swalehe wa Kondoa, anayetembea na simu mkononi
mpaka tunaona dari, mbuzi, mbingu, tena dari.
Mama Mbeleje wa Mpwapwa alikuja dakika tano kabla.
Akawasha maiki. "Mbukwenyi," akasema, akasubiri
tuitikie sote, ndipo akaizima.
Kwetu Ugogoni salamu hairukwi kama korongo.

Bwana Masima, mwenyekiti, alifika saa tatu na robo.
Hakuomba radhi. Akampa Mama Mbeleje nafasi
asome taarifa ya visima,
naye akaisoma polepole, kijiji kwa kijiji,
kama mtu aliyewahi kupanga foleni na ndoo katika kila kimoja.

Alipomaliza Kibakwe, kabla hajafika Rudi,
tukasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
Kisha jogoo. Kisha mwenyekiti,
akimwambia mtu tusiyemwona:
"Huyu mama naye! Maneno yanavutika kama mlenda.
Niletee chapati, leo hamalizi."

Kimya.
Si kile kimya cha mtandao kukatika,
midomo ikaganda wazi, mtu akabaki nusu ya neno.
Hiki kilikuwa na watu ndani yake, kumi na mmoja,
kila mmoja ghafla ana jambo la kutazama mezani.
Swalehe aliacha kutembea.
Kalamu yangu hewani: niandike, nisiandike?

Mama Mbeleje alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mwenyekiti," alisema, kwa sauti ile ile ya visima,
"sauti yako inatufikia vizuri sana."
Akangoja kidogo. Akafunua ukurasa.
"Rudi. Visima vinne, kimoja kinatoa maji."

Kijiko kilikoma.
Alama nyekundu ikawaka penye jina la Bwana Masima,
picha yake ikapotea, ikarudi.
Kikombe hakikuwepo tena. Alikaa wima
kama mtoto aliyekutwa na vidole kwenye chungu,
akasikiliza mpaka kijiji cha mwisho.

Mwishoni aliomba neno. Akaongea.
Akasahau kuwasha maiki.
Tuliona midomo ikienda, mkono ukipanda kifuani,
kichwa kikiinama, mara mbili.
Ndahani akataka kumkatiza; ujumbe ukachomoza pembeni,
kutoka Mpwapwa: *Mwacheni amalize.*

Alipomaliza, Mama Mbeleje akawasha yake.
"Mwenyekiti, hatukukusikia hata neno.
Lakini tumeelewa."
Chilongani alicheka, na kwa mara ya kwanza
tukaona meno yake.

Nyemo, mgeni ofisini, ameniomba kanuni za vikao vya mtandaoni.
Nimemwandikia chache: mwanga uwe mbele yako.
Chai inyweke kabla.
Ukitaka kusema, inua mkono, hata ule wa kuchora.
Nyingine nimeshindwa kuziandika,
nikampa muhtasari wa siku ile ausome mwenyewe:

*Ajenda ya tatu. Visima, Mpwapwa.
Taarifa ilisomwa. Mwenyekiti alichangia.
Wajumbe waliipokea.*